Mfalme Hapandi Bila Ngazi

Kaka yangu ni seremala Makambako. Karakana yake iko nyuma ya mahali malori yanapolala, yale yanayokwenda Tunduma na yale yanayokata kushoto kuja huku kwetu Njombe na kuendelea Songea. Nje ya karakana kuna benchi, na juu ya benchi kuna ubao wa drafti usiopumzika. Kete ni visoda. Upande mmoja umeviweka meno juu, upande wa pili meno chini, na mchezo unaendelea hata mvua ikinyesha, mradi bati linafika. Miaka yote niliyokaa pale sijamsikia mtu akiuliza drafti ilitoka wapi. Wanachobishania ni kanuni: je, kula ni lazima, na mfalme anaruka umbali gani.

Mwaka 2017 nilimwomba anitengenezee kifaa cha kufundishia. Nafundisha hisabati Njombe, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wanaelewa urefu na upana bila shida, lakini kimo kikiingia wanapotea. Sikuwalaumu. Mchemraba ukiuchora ubaoni ni mistari tu, na mwalimu anayesema "huu hapa unarudi nyuma" anaomba kuaminiwa. Nikataka vibao vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na miraba 25, ili mtoto aweke kidole kati ya kibao na kibao aone nafasi ya kweli. Kaka alitumia vipande vya paini vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu, akavishikanisha kwa spoku za baiskeli. Alipomaliza akakitazama.

"Hiki cha kuhesabia au cha kuchezea?"

"Cha kuhesabia."

Akaenda nje, akarudi na kiganja cha visoda.

Ndivyo ulivyoanza mchezo ambao wanafunzi waliuita sataranji ya ghorofa. Miraba tukaiita vyumba, vyumba 75. Mmoja anaanza chini kabisa, mwenzake anaanza juu kabisa kwenye ukuta wa pili, na ghorofa ya kati iko tupu. Kila mmoja ana askari watano mbele na wakubwa watano nyuma: ngome, farasi, mfalme, tembo na popo. Ngome anakwenda moja kwa moja, na kupanda au kushuka wima nako ni moja kwa moja. Tembo anakwenda mshazari, na anaweza kupanda huku anasogea, kama mtu kwenye ngazi. Popo ni wazo la mvulana mmoja wa mstari wa nyuma: yeye hupita kwenye pembe tu, akisogea mbele, pembeni na juu kwa pamoja. Askari anasogea chumba kimoja mbele au ghorofa moja, yule wa chini akipanda na yule wa juu akishuka. Malkia hakupata nafasi kwa sababu vyumba vya nyuma ni vitano tu. Wasichana walilalamika, tukakubaliana kwamba askari atakayefika kwenye ukuta wa adui, ghorofa alikoanzia adui, atageuka malkia. Wakaridhika. Mmoja alisema hiyo ndiyo njia ya kawaida.

Kukawa na tatizo moja. Mchezo haukuisha. Kwenye sataranji ya kawaida mfalme aliye katikati ana vyumba 8 vya kukimbilia. Ukimweka katikati ya ghorofa ya kati, anavyo 26. Wanafunzi walihesabu wenyewe, na hilo peke yake lilinilipa gharama ya mbao. Lakini wafalme walikimbia mpaka kengele ikalia, siku tatu mfululizo. Siku ya nne tulitunga kanuni: mfalme hapandi wala hashuki ila kwenye chumba cha katikati cha kila ghorofa, tulichokiita ngazi. Basi. Kanuni ile haikuwa na maana nyingine yoyote. Tulitaka tuwahi chakula cha mchana.

Kosa langu linaanza siku ya wazazi. Meza yetu ilikuwa mwishoni, baada ya ile ya kilimo yenye maparachichi, na watu walikuwa wanapita. Mgeni mmoja mwenye heshima zake akasimama, akagusa kibao cha juu, akauliza, "Huu mchezo wa Wazungu mmeupata wapi?" Alisema kwa upole, lakini niliona nyuso za wanafunzi wangu zikianguka. Nikajibu kabla sijafikiri. Nikasema si wa Wazungu. Nikasema ulichezwa na wapiganaji wa Maji Maji walipokuwa wamejificha vilimani, juu ya mawe matatu bapa: la chini ni bonde, la kati ni kijiji, la juu ni mlima. Nikaona anasikiliza. Nikaongeza kwamba mfalme hapandi bila ngazi kwa sababu mtemi alikuwa hatoroki peke yake, alisubiri watu wake wamfungulie njia.

Walipiga makofi. Watu wakajaa. Jioni mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri aliandika yote kwenye kadi, na kadi ikakaa pale kwenye kabati la kioo.

Najua baadhi ya wasomaji wameshaanza kutabasamu. Kila mchezo una hadithi yake. Mimi mwenyewe nikifundisha vipeo nasimulia ile ya mjuzi wa India aliyemvumbulia mfalme sataranji, akaomba malipo ya punje moja ya ngano kwenye mraba wa kwanza, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, mpaka mraba wa 64, na jumla ikawa punje 18,446,744,073,709,551,615, ngano ambayo ghala zote za mfalme haziwezi kuitoa. Hakuna anayeapa kwamba yalitokea. Na tuna mwalimu mwenzetu anayeshikilia kwamba bao ndilo mama wa sataranji, kwa ushahidi kwamba bao lina kete 64 na sataranji ina miraba 64. Namba zote mbili ni kweli. Lakini kete ni vitu na miraba ni mahali; bao la Kiswahili lina mashimo 32. Hivi ndivyo asili za uongo zinavyojengwa mara nyingi, kwa matofali ya kweli. Asili halisi ya sataranji tunayo kinywani kila tunapoitaja: neno limetoka kwa Waarabu, walioliokota kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Halihitaji msaada wangu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata mchezo wenyewe sikuwa wa kwanza kuuwazia. Daktari mmoja wa Hamburg, Ferdinand Maack, alitoa sataranji ya anga mwaka 1907, vibao vitano vya miraba 25, jumla 125. Ana hata mnyama anayepita kwenye pembe kama popo wetu. Yeye alimwita farasi wa pembe moja. Hoja yake ilikuwa kwamba vita vya kisasa vinapiganwa pia kutoka juu angani na kutoka chini ya maji, kwa hiyo mchezo wa vita nao uwe na kimo. Nilikaa na tarehe ile kwa muda mrefu. Mwaka 1907 ndio mwaka vita vya Maji Maji vilipomalizika kuzimwa. Mjerumani mmoja yuko Hamburg anatafuta mwelekeo wa tatu wa vita kwenye vibao, na Wajerumani wenzake huku kwetu walikuwa wameshaupata bila vibao. Waliupata kwenye ghala. Walichoma chakula na mashamba, na waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Sisemi kwamba daktari yule alijua. Nasema tu kwamba nilikuwa nimechukua mchezo unaofanana na wake nikawavisha watu waliokuwa wanauawa wakati yeye anaufikiria.

Lakini hayo niliyafikiria baadaye. Kilichoniamsha ni msichana wa kidato cha pili aliyekuja ofisini, akasimama mlangoni. "Mwalimu, babu anaomba kukuona."

Kwao ni upande wa Yakobi. Mtu aliyesoma historia ya Njombe analijua jina hilo: ndipo palipokuwa na misheni ya Walutheri iliyoshambuliwa na watu wa Mbeyela mwezi Septemba 1905. Tulikwenda Jumamosi, mwezi wa saba, ukungu mpaka saa nne. Mzee alikuwa karibu na moto, umri wake zaidi ya miaka 80. Nikamwamkia, akanijibu kwa Kibena, akaagiza viazi viletwe. Alitaka kunishukuru.

Akanieleza kwamba wakati wa vita baba yake alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Alipokuwa mtu mzima, jambo alilowasimulia wanawe kuhusu miaka ile lilikuwa moja tu: njaa. Jinsi ghala zilivyowaka. Mizizi gani waliila na ipi iliwaharisha. Mdogo wake wa kike waliyemzika njiani, bila jembe. "Hakuwahi kunitajia mtu anayecheka," alisema mzee. "Nimekaa na watu wale maisha yangu yote, na wote wanalia. Sasa huyu mtoto amekuja kunisomea daftari lake, kumbe walikuwa pia wanacheza."

Akaniongoza nje. Chini ya mparachichi alikuwa amepanga mawe matatu bapa, moja juu ya jingine, yametenganishwa kwa vijiwe. Wajukuu wadogo walikuwa wameyachora kwa mkaa. Akanionyesha kwa kidole: bonde, kijiji, mlima.

Sikusema neno. Nilikula viazi, nikaaga, nikarudi.

Kwa miezi miwili nilibishana na kaka yangu, kwa simu na ana kwa ana. Msimamo wake ulikuwa rahisi na, nakiri, una uzito. "Dada, umempa mzee zawadi, sasa unataka kwenda kumnyang'anya. Ili upate nini? Usingizi?" Alisema hakuna aliyeibiwa. Wapiganaji hawakutukanwa, wamepewa sifa ya kuwa na akili. Watoto wamejua Maji Maji kuliko walivyoijua kwenye kitabu. Na kama walicheza au hawakucheza, nani anajua? Labda walicheza bao. Watu hucheza.

Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua kuliko yote, kwa sababu ni kweli: watu hucheza, hata wenye njaa. Uongo wangu haukuwa jambo lisilowezekana. Lakini sikuwa nimesema "labda walicheza." Nilikuwa nimesema walicheza huu, juu ya mawe matatu, na mtemi wao alisubiri. Nilitoa ushahidi.

Nikajaribu kujitetea kwa kanuni. Nilisema: mbona kanuni zote ni za kutunga na hakuna anayeziita uongo? Tulipoamua kwamba mfalme hapandi bila ngazi, haikuwa kweli kabla hatujasema, na tulipokubaliana ikawa kweli papo hapo. Basi kwa nini asili nayo isiwe hivyo? Jibu lilinijia nikiwa nasahihisha madaftari, na sijaweza kulikwepa tangu hapo. Kanuni inakuwa halali kwa sababu wanaohusika wapo mezani. Asiyeitaka anasema, tunaibadilisha, au anaondoka. Asili ina wahusika ambao hawapo. Niliwaingiza watu wa 1905 kwenye makubaliano ambayo hawakuulizwa, na nikachagua watu wasioweza kusema "hapana mwalimu, siku ile tulikuwa tunachimba mizizi." Songea, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa watu 67 kwa siku moja. Mtu anaweza kuwatungia tamthilia, wimbo, hata mchezo. Ila aseme kwamba ametunga.

Wazee wetu walilijua hili. Ndiyo maana msimulizi alianza na "Paukwa!" na akasubiri "Pakawa!" kabla ya kuendelea. Ukiitikia, umekubali: kuanzia hapa sungura ataongea. Hadithi yangu siku ya wazazi haikuwa na paukwa. Ebrahim Hussein alipoandika *Kinjeketile*, tamthilia iliyotoka 1969 kuhusu vita hivi hivi, alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni na si yule wa historia. Na tamthilia yenyewe inahusu mtu anayetamka neno kisha neno likamzidi nguvu. Nimefundishwa kitabu hicho nikiwa shule. Nilipata alama nzuri. Hata wapenzi wa ile filamu ya Marekani ya safari za anga, *Star Trek*, walioona vibao vya ghorofa kwenye televisheni miaka ya 1960 na kuvitungia kanuni kamili miaka ya 1970, kila mmoja wao alijua kwamba chombo kile hakijawahi kuruka. Wamecheza kwa raha na hakuna aliyedanganywa.

Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Lakini wewe utakwenda kusema ukweli, halafu utarudi Njombe. Mzee atabaki na mawe." Hapo sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Kuna ukweli ambao anayeulipia si yule aliyedanganya.

Nilikwenda mwezi wa tisa. Mzee alikuwa amekaa juani. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: kitanda, spoku, visoda, kengele ya chakula, mgeni, makofi. Nilimwambia mawe matatu yalitoka kichwani mwangu. Hakukatiza. Nilipomaliza alikaa kimya muda wa mtu kumaliza kumenya kiazi.

"Mimi nilikuwa nimeshawaona," akasema.

Kisha akauliza, "Kwa nini uliwachagua wao?"

Nilimjibu kwa ukweli kadiri nilivyoweza: kwa sababu walikuwa wakubwa, na hawakuwepo. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali. Alisema kama ningemwambia mapema, kabla hajayapanga mawe, ingekuwa rahisi. Nikasema najua. Wajukuu walikuwa wanatutazama kutoka chini ya mparachichi, na mmoja akauliza kama wayabomoe.

"Yaache," mzee akamwambia. "Ila ni ya mwalimu. Si ya babu yenu." Akarudia, ili wasikie wote, na mimi nisikie.

Shuleni niliita darasa nikawaeleza. Baadhi walicheka, wawili watatu walinikasirikia, na yule msichana hakunitazama kwa wiki nzima. Kadi mpya inasema mchezo umetungwa Makambako na Njombe mwaka 2017 na seremala mmoja, mwalimu mmoja na kidato cha pili, kwa vipande vya paini, na kwamba daktari mmoja wa Hamburg aliwahi kutunga unaofanana nao miaka 110 kabla. Wanaosimama kuisoma ni wachache. Walimu wawili wameniambia ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, na hawajakosea.

Mwaka jana nilipita Makambako kumsalimia kaka. Kwenye benchi, badala ya drafti, kulikuwa na vibao vitatu. Alikuwa ametengeneza vingine. Utingo mmoja wa lori la Zambia alikuwa akimfundisha mwenzake, na nikamsikia akieleza kwamba mchezo huu waliuleta Wachina waliojenga reli ya TAZARA, walikuwa wakiucheza usiku kambini. Alisema kwa uhakika kabisa. Nikavuta kiti. Nikamwambia hapana, na nikamwambia mwaka, na mbao zilitoka kwenye kitanda cha nani. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu anayekuja kuzima redio.

"Aa," akasema. "Sawa, mama." Akamwinua mfalme wake kutoka pembeni, akampandisha ghorofa ya pili.

"Mfalme hapandi bila ngazi," nikasema.

Akamtazama mwenzake. Mwenzake akainua mabega.

"Huku Makambako," akasema, "anapanda."